Kunguru Aliyeitwa Kuzoa Taka

Mtu akiambiwa kwamba ataletewa ndege au mnyama wa mbali atakayemla adui wa shamba lake, jambo la kwanza analouliza ni kama mnyama huyo kweli anamla adui huyo. Ni swali zuri, lakini halitoshi. Lipo swali la pili, ambalo historia inaonyesha kuwa huulizwa kwa kuchelewa: adui akipungua, mgeni huyu atakula nini? Na lipo la tatu, zito kuliko yote mawili: tukimchoka, nani atamwondoa? Ndugu msomaji, nimekuwa nikiyatafakari maswali haya hapa Pito kwa miaka kadhaa sasa, na katika insha hii nataka kueleza kwa nini nadhani yanatuhusu sisi wakulima wa Ufipa kama yanavyowahusu watu wa pwani na wa visiwani.

Nianze na nzige, kwa kuwa kwa nzige sisi si wageni. Ukishuka kutoka nyanda zetu za juu, ukavuka ukingo wa Lyamba lya Mfipa, unafika katika bonde la Ziwa Rukwa. Mbuga za majani za bonde hilo hufurika wakati wa masika na kukauka wakati wa kiangazi, na ni mojawapo ya maeneo machache ya Afrika ambako nzige wekundu huzaliana mpaka wakawa makundi ya kuhama. Baa kubwa la nzige hao lililoanza kiasi cha mwaka 1930 halikwisha mpaka 1944, na lilitapakaa katika sehemu kubwa ya nchi za kusini mwa ikweta. Baada ya adha hiyo, mwaka 1949, serikali zilizotawala nchi hizi ziliunda shirika la pamoja la kudhibiti nzige wekundu. Makao yake yaliwekwa Abercorn, mji ambao leo unaitwa Mbala, upande wa pili wa mpaka wetu na Zambia. Kwa hiyo habari za wadudu wanaokula jasho la mkulima, na habari za wakubwa wanaokuja na dawa ya wadudu hao, kwetu ni habari za nyumbani.

Nzige wa aina hiyohiyo aliwahi kuwasumbua watu wa kisiwa cha Mauritius katika karne ya 18. Kisiwa kilikuwa chini ya Wafaransa, nao walikuwa wanalima ili kulisha watu wao na meli zilizopita kwenda Bara Hindi. Mwaka 1762 wakaagiza kutoka Bara Hindi ndege aitwaye maina, wa jamii ya kwenzi, ambaye hula wadudu. Nzige walipungua, na maina akapewa sifa. Wataalamu wa leo wanapoandika historia ya kumtumia kiumbe mmoja kumpunguza mwingine, huutaja mwaka huo kuwa miongoni mwa mifano ya kwanza ya kumhamisha kiumbe kutoka nchi moja kwenda nyingine kwa kazi hiyo. Mwanzo mzuri huvutia wengi. Sifa za maina zilivuka bahari, na ndege mwenyewe akazifuata.

Mwaka 1865 alipelekwa Hawaii, visiwa vilivyo katikati ya Bahari ya Pasifiki. Huko adui hakuwa nzige bali viwavi waliokula miwa na malisho. Maina aliwala viwavi, ni kweli. Lakini alipenda pia matunda, hasa yale madogo meusi ya lantana, kichaka cha miiba kilicholetwa huko miaka michache kabla yake kuwa ua la bustani. Maina alikula matunda hayo, akaruka, akaziangusha mbegu malishoni na misituni. Mkulima aliyeletewa ndege wa kumwondolea viwavi akajikuta ana kichaka cha miiba ambacho ng'ombe hali na jembe halikimalizi. Ilipofika mwaka 1902, watu wa Hawaii walikuwa wanaleta wadudu kutoka Mexico ili wakile kichaka hicho. Mgeni mmoja amemleta mgeni mwingine, kama deni linalolipwa kwa kukopa.

Hayo ni ya mbali. La karibu zaidi ni la Unguja, na hilo kila aliyewahi kufika pwani amelisikia kwa masikio yake, maana ni la kelele. Ni habari za kunguru.

Kunguru tunaowajua sisi huku Ufipa ni wale wenye weupe kifuani au shingoni. Ni ndege wa nchi hii. Wa Unguja ni mwingine: ni mdogo kidogo, mweusi, mwenye kijivu cha majivu shingoni na kifuani. Asili yake ni Bara Hindi na nchi za jirani zake. Kisiwani hakuwako. Aliletwa katika miaka ya 1890, mara baada ya Uingereza kuiweka Zanzibar chini ya himaya yake mwaka 1890, na aliletwa kwa kazi maalumu, yaani kuzoa taka.

Si vigumu kuelewa fikira za wale waliomleta. Mji wa Unguja ulikuwa bandari kubwa, wenye watu wengi waliobanana katika vichochoro vyembamba, na taka zilitupwa ufukweni na mabondeni. Watu wazima wa wakati ule walikumbuka kipindupindu cha 1869 na 1870 kilichoua maelfu. Na waliotoka Bombay walikuwa wamemwona kunguru akifanya kazi hiyo bila mshahara: mizoga, matumbo ya samaki, mabaki ya sokoni, vyote huviondoa kabla jua halijawa kali. Kumwagiza ndege kulikuwa rahisi kuliko kuchimba mifereji, kununua mikokoteni na kuwalipa watu wa kufagia. Nadhani hapo ndipo kosa lilipo, na nitalirudia baadaye.

Kunguru alifika, akala taka, akaongezeka. Kisha akafanya yale ambayo hakuagizwa. Aliingia katika viota vya ndege wadogo na kuwala makinda na mayai. Aliingia uani na kuondoka na vifaranga. Alidonoa matunda na kufukua nafaka. Ilipofika mwaka 1917, yaani chini ya miaka 30 tangu kuletwa kwake, serikali ileile ya himaya ilikwisha kumhesabu kuwa mharibifu, na ikawa inatoa zawadi ya fedha kwa kila aliyeleta kunguru aliyeuawa. Katika kizazi kimoja tu, mtumishi wa mji aligeuka kuwa mhalifu anayetafutwa.

Zawadi hiyo haikumaliza jambo. Ndege huyu haishi mbali na watu. Panapo mji, soko, machinjio au dampo, hapo ndipo kwake. Hupanda hata meli, akasafiri kama abiria asiye na tiketi. Mwaka 1947 alionekana bandarini Mombasa. Leo amejaa katika miji ya pwani ya Kenya na Tanzania, na ameingia bara pia, hadi Morogoro na kupita. Mkazi wa Dar es Salaam anayeanika samaki, au mama anayefuga kuku wachache uani, hahitaji kusoma kitabu ili ajue hasara yake. Huona kifaranga kikinyakuliwa saa moja asubuhi, na mwizi akitua juu ya bati la jirani akila bila haraka.

Mapambano dhidi yake yamekwenda kwa vipindi. Katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1990, kwa msaada wa Finland, Zanzibar iliendesha kampeni ya mitego na sumu maalumu. Makumi ya maelfu ya kunguru waliuawa, na kwa muda mji ulitulia, ndege wadogo wakasikika tena. Fedha za mradi zilipokwisha, kunguru waliobaki walianza upya, na baada ya miaka kadhaa wakawa wengi tena. Dar es Salaam nayo imekuwa na kampeni zake. Mwezi Januari 2024 shirika la wanyamapori la Kenya lilitangaza mpango wa kuwaua kunguru milioni 1 kabla ya mwaka huo kwisha. Msomaji na apige hesabu mwenyewe: ndege walioletwa katika miaka ya 1890 ili kuokoa gharama za usafi wanalipiwa hadi leo, zaidi ya miaka 130 baadaye, na nchi ambazo hazikuwaagiza.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kunguru alipewa jembe siku ya kwanza, akalima shamba lake mwenyewe. Wala si ajabu. Ndege hana mkataba. Sisi ndio tunaosema kwamba huyu ni wa taka, huyu ni wa panya, huyu ni wa nzige. Yeye anajua njaa yake tu, na hufuata chakula kilicho rahisi. Katika visiwa vya Shelisheli aliletwa bundi mwaka 1949 ili awale panya. Panya hujificha, na huko walikuwako ndege weupe wa baharini wanaotaga yai moja juu ya tawi tupu bila hata kiota. Bundi aliwachagua hao, na baadaye ikabidi naye atangaziwe zawadi kwa atakayemuua. Jamaica waliletewa nguchiro 9 kutoka Bara Hindi mwaka 1872 wawale panya wa mashamba ya miwa. Nguchiro huwinda mchana. Panya hutembea usiku, na wengine walihamia juu ya miti. Basi nguchiro akageukia kuku, ndege wanaotaga chini, na mijusi. Ni hadithi moja inayosimuliwa kwa majina tofauti.

Kuna atakayeniambia: mbona hata sisi tunafuga paka? Ni kweli. Nyumba nyingi hapa kijijini zina paka kwa ajili ya panya wa mahindi, nami sijawahi kuishi katika nyumba ya mkulima isiyo na paka. Paka naye hula kifaranga akipata nafasi. Lakini paka ana mwenyewe. Akila kifaranga cha jirani, jirani anajua mlango wa kubisha, na paka anaweza kufungiwa, kuhamishwa, au hata kuuawa. Waswahili walikwisha kusema kunguru hafugiki, na kwa maoni yangu msemo huo mfupi una elimu kubwa kuliko taarifa nyingi za wataalamu. Tofauti ya paka na kunguru haiko katika ukali wa meno au mdomo. Iko katika kuitika. Ukishamwachia kiumbe asiyeitika, hutamrudisha kwa tangazo wala kwa amri ya serikali.

Sasa nirudi kwenye lile kosa. Taka za Unguja hazikuwa kazi ya ndege. Zilikuwa kazi ya watu, na hasa ya wale waliokusanya ushuru wa bandari. Kwa kumleta kunguru, kazi hiyo ilisogezwa pembeni, na kadiri taka zilivyoendelea kutupwa ndivyo kunguru alivyoendelea kushiba na kuzaa. Wataalamu wanaopambana naye leo wanasema jambo hilohilo: sumu na mitego bila kuondoa taka ni kazi ya kuteka maji kwa tenga. Tena yuko wa kulalamikiwa zaidi ya ndege. Aliyemleta kunguru hakuwa na vifaranga uani. Mwenye vifaranga hakuulizwa. Katika mambo haya mara nyingi anayeamua si yule atakayelipa, na umbali uliopo kati yao ndio unaofanya maamuzi yawe mepesi.

Hata hivyo, nisingependa msomaji aondoke na fikira kwamba kila kiumbe cha kigeni ni balaa. Huo utakuwa ushirikina mwingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kidung'ata cha muhogo kiliingia Afrika kutoka Amerika ya Kusini, kikaenea nchi hadi nchi na kuteketeza chakula cha mamilioni ya watu. Watafiti wa taasisi ya kilimo cha tropiki iliyoko Ibadan, Nigeria, wakiongozwa na Hans Herren, walikwenda kutafuta huko kilikotoka. Mwaka 1981 walimpata Paraguay nyigu mdogo sana ambaye hutaga mayai ndani ya kidung'ata hicho. Hawakumwachia hapohapo. Walimweka kwanza kizuizini huko Uingereza, wakamchunguza kama atashambulia kitu kingine, na walipotosheka ndipo wakamwachia mashambani Nigeria, na baadaye katika nchi nyingine nyingi. Muhogo ukapona. Herren alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995.

Tofauti ni nini? Nyigu yule ana mlango mmoja tu wa kuingilia chakula. Kidung'ata kikipungua, naye hupungua. Kunguru, maina, nguchiro na bundi wana milango mingi. Ukifungwa mmoja hufungua mwingine. Kiumbe mwenye kuchagua sana chakula anaweza kuwa msaidizi. Kiumbe anayekula kila kitu ni mgeni wa kuogopwa, hata kama siku ya kwanza ameonekana anakula kile tu ulichomwitia.

Na hapa kwetu Rukwa tuna mfano mzuri zaidi, ambao sijui kwa nini hausimuliwi shuleni. Mwaka 2009 nzige wekundu walianza kuzidi katika mbuga za Iku-Katavi, bonde la Ziwa Rukwa na bonde la Malagarasi. Badala ya kutegemea sumu za kawaida peke yake, serikali na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa walitumia ukungu uitwao Metarhizium, ambao huwapata nzige na jamaa zao na kuwadhoofisha mpaka wafe. Ukungu huo haukutoka bara lingine. Ulipatikana humuhumu Afrika, kwa nzige wagonjwa. Eneo la kiasi cha hekta 10,000 lilinyunyiziwa kutoka angani, na baa likazuiwa kabla ya kufika mashambani. Ndege waliowala nzige wagonjwa hawakudhurika. Tangu Mauritius ya 1762 hadi Rukwa ya 2009 adui ni yuleyule, lakini njia imebadilika. Mwanzo watu walimtafuta mlaji mkubwa wa mbali. Mwisho wakauchunguza ugonjwa mdogo wa adui mwenyewe.

Naandika haya kwa sababu jambo lenyewe halijapita. Mwaka 2017 viwavijeshi vamizi, waliotoka Amerika na kuonekana Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2016, waliingia katika mahindi ya mkoa wetu. Kwa watu ambao mahindi ndiyo chakula, ndiyo ada ya shule na ndiyo bati la nyumba, hilo si jambo dogo. Mzee mmoja wa hapa kijijini, aliyepoteza sehemu kubwa ya shamba lake, aliniuliza baada ya ibada: "Mwanangu, wewe unayesoma magazeti, hivi huko walikotoka hawa hakuna ndege anayewala? Si watuletee?" Nilimjibu: "Shikamoo mzee wangu. Yupo ndege kama huyo, alipelekwa Hawaii." Nikamweleza ya lantana. Akacheka, akatikisa kichwa, akasema: "Basi wasimlete. Lakini hata wakisema wasimlete, mimi nitavuna nini?"

Sikulipuuza neno lake, na msomaji naye asilipuuze. Ni rahisi kwa mtu asiye na shamba kuhubiri subira. Hofu yangu ni kwamba mwenye njaa atapokea msaidizi yeyote, na mfanyabiashara au mwanasiasa mwenye haraka atakuwa tayari kumletea. Kwa hiyo jibu lisiishie kwenye kukataza. Watafiti waliochunguza mashamba ya Ethiopia, Kenya na Tanzania walitangaza mwaka 2018 kwamba wapo tayari nyigu wadogo na nzi wa humuhumu ambao wameanza kuwashambulia viwavi hao. Hawakuletwa na mtu. Walikuwako, wakila viwavi wengine, na sasa wamejifunza kumla mgeni. Wasaidizi hao huuawa na dawa kali tunazonyunyizia kwa kubahatisha. Kukagua shamba mapema, kuponda mayai na viwavi kwa mkono, kupanda kwa wakati, na kunyunyizia dawa pale tu inapolazimu: hizo ndizo kazi zetu, na hakuna ndege atakayezifanya kwa niaba yetu. Bwana shamba naye ana kazi yake ya kutufikia kabla mahindi hayajafika magotini. Na kama siku moja wataalamu watataka kumleta nyigu kutoka nje, kama yule wa muhogo, wamlete kwa njia ileile ya kizuizi na uchunguzi, na wakulima waelezwe kabla, si baada.

Historia ya kunguru haitufundishi kuogopa viumbe. Inatufundisha kwamba kazi ambayo binadamu ameikwepa haipotei. Hurudi ikiwa na mabawa. Wale waliokataa gharama ya mikokoteni ya taka katika miaka ya 1890 walidhani wameokoa fedha. Nasi tukikwepa leo kazi ya kukagua mashamba yetu, wajukuu wetu huenda wakaja kupewa zawadi kwa kila mnyama watakayemuua, wakashangaa ni nani aliyemwalika.